Kabla Masika Hayajaanza: Bustani ya Mboga Penye Udongo Wenye Wadudu

Mvua za kwanza za Machi zikikukuta hujui udongo wako umeingiwa na nini, msimu huo utalima kwa kubahatisha. Bustani ya masika kwenye ardhi yenye wadudu hutengenezwa Desemba, Januari na Februari, matuta yakiwa wazi na jua likiwa kali. Mvua ikishakaza, njia zenye nguvu zaidi zimeshafungwa: huwezi tena kuupasha udongo kwa jua, huwezi kuuacha ukauke, na miche utanunua yoyote utakayoikuta.

Hapa nazungumzia ukanda wa mvua mbili: Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Morogoro na Pwani, na kwa upande wa Kenya, nyanda za kati na mwambao. Aliye Mbeya, Njombe au Songea, ambako mvua huanza Novemba na kuunganisha hadi Aprili, asogeze kalenda nyuma: kazi ya Januari aifanye Septemba na Oktoba. Na nazungumza na mwenye eneo dogo, la nyuma ya nyumba au kipande cha robo eka, ambaye msimu uliopita alipanda vizuri, akamwagilia, akapalilia, halafu mavuno yakamkimbia.

Ng'oa, osha, tazama

Mtu akiona nyanya zimenyauka hukimbilia duka la pembejeo. "Kaka, nipe dawa ya wadudu wa ardhini." Muuzaji atampa aliyonayo. Lakini ardhini wamo maadui wasiofanana hata kidogo, na kinachomuua mmoja hakimgusi mwingine. Dawa ya viwavi haina kazi kwa bakteria wa mnyauko, na dawa ya ukungu haiwafanyi kitu minyoo fundo. Pesa inakwenda, nyungunyungu wanakufa, tatizo linabaki pale pale. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, mjue adui yako kwa jina.

Kama bado kuna masalia ya mazao ya vuli, una bahati. Chagua mimea mitano au sita: iliyodumaa, iliyonyauka, na mmoja au miwili inayoonekana mizima. Usiivute kwa mkono, maana mizizi myembamba hukatikia chini, na hiyo ndiyo yenye ushahidi. Chimba kuzunguka shina, nyanyua mmea pamoja na bonge lake la udongo, litumbukize kwenye ndoo ya maji, liache lilegee, kisha suuza taratibu.

Bamia ndiyo inayoonyesha minyoo fundo waziwazi kuliko mboga nyingine. Mzizi mzima huwa mwembamba na laini, ukizidi kupungua kuelekea ncha. Mzizi ulioshambuliwa umevimba vimbevimbe, fundo likifuatwa na fundo, na palipozidi mafundo huungana hadi mzizi wote ukawa mnene na wenye vigongo. Ukiwa bado mchanga una rangi ya maziwa. Ukizeeka hugeuka kahawia na kuanza kuoza. Pasua fundo changa kwa wembe, ulitazame kwenye mwanga wa kutosha. Utaona vitone vyeupe vinavyong'aa, vidogo kuliko kichwa cha pini. Hao ni majike walionenepa, na kila mmoja hutaga mayai mia kadhaa kwenye ute anaoutoa nje ya mzizi. Juu ya ardhi, mmea huonyesha njaa na kiu tu: majani ya manjano, kunyauka mchana na kuinuka jioni, hata ukiumwagilia kila siku. Karoti nazo hutoka zimegawanyika miguu, zimejaa nywele na vinundu.

Kwa maharage na kunde kuwa mwangalifu, kwani mizizi yake ina vinundu vya heri vyenye bakteria wanaotengeneza naitrojeni. Vinundu hivyo vimebandikwa pembeni mwa mzizi, hubanduka ukivisugua kwa kidole, na ndani vina rangi ya waridi au nyekundu. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halibanduki mpaka uukate mzizi. Wapo wakulima waliong'oa maharage yenye afya kwa kutojua tofauti hii.

Kama mizizi ni misafi lakini mmea wa nyanya, bilinganya au pilipili umenyauka ghafla huku majani yangali kijani, shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina la chini, kama urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi safi ya maji, nawe tulia ukitazama bila kuitikisa glasi. Ukiwa ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe wa maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinakuepusha na hasara ya miaka, kwa sababu bakteria huyu hukaa ardhini kwa muda mrefu, na hakuna dawa ya dukani inayomtoa.

Wengine wanatambulika upesi. Mche uliokutwa asubuhi umelala, umekatwa usawa wa ardhi, umepitiwa na sota. Mche wa kitaluni ulionywea shingo na kulala ukiwa na majani mawili tu una kinyausi, ambacho ni ukungu. Mizizi iliyotafunwa ikabaki vishina ni kazi ya funza weupe, wale wanene wanaojikunja ukifukua, ambao ni watoto wa mbawakawa. Shina lililopakwa udongo kwa nje na kuwa tupu ndani ni la mchwa.

Ardhi ikiwa tupu na huna mmea wa kuung'oa

Hapo kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni cha wadudu wanaoonekana kwa macho: chimba mashimo manne au matano sehemu mbalimbali, kila moja kama sentimita 30 kwa 30 na kina cha sentimita 20 hadi 30. Mwaga udongo kwenye turubai au gunia jeupe, uuvunje kwa mikono, na utoe kila funza, kiwavi na kifukofuko unachokiona. Fanya asubuhi na mapema, udongo ukiwa na unyevu. Funza mmoja mmoja wasikutie hofu. Ukiwapata kila shimo, tena zaidi ya mmoja, eneo hilo lishughulikiwe kabla ya kupandwa.

Cha pili ni cha minyoo fundo, ambao huwezi kuwaona wakiwa kwenye udongo. Chota udongo wa kina cha sentimita 10 hadi 25 kutoka sehemu nyingi za bustani, uchanganye, ujaze makopo matatu yenye matundu chini. Jaza makopo mengine mawili udongo wa mahali unapopaamini. Panda tango, bamia au nyanya ya kawaida isiyo na kinga, weka mahali pa joto, mwagilia kwa kiasi. Baada ya wiki tano au sita osha mizizi, ulinganishe. Anza kipimo hiki mapema Desemba ili majibu yapatikane jua la Januari likiwa bado lina kazi. Ni cha polepole, ila ndicho nikipendacho kuliko vyote, kwa sababu udongo wako wenyewe ndio unaotoa jibu.

Jua la Januari

Dhidi ya minyoo fundo, mbegu za magugu, kinyausi na mayai ya wadudu wengi, silaha kubwa ya mwenye bustani ndogo ni plastiki angavu na jua. Angavu, narudia. Plastiki nyeusi huzuia magugu, lakini yenyewe ndiyo inayopata moto huku udongo ukipata joto dogo. Ile angavu hupitisha mwanga hadi kwenye udongo na kulizuia joto lisitoke.

Kwanza tengeneza matuta yako kamili, yenye upana wa mita moja na kimo cha sentimita 20 hadi 30, ukiwa umeshachanganya mboji. Yasawazishe kwa reki, utoe mawe na vijiti vitakavyotoboa plastiki. Kisha mwagilia mpaka unyevu ushuke sentimita 30 hivi. Usiruke hatua hii. Udongo mkavu haupitishi joto vizuri, na wadudu waliolala katika ukavu huvumilia moto kuliko walioamshwa na maji. Tandika plastiki igusane na udongo, ivute isiwe na mikunjo, fukia kingo zote. Iache wiki nne hadi sita bila kuifunua hata siku moja. Kwenye joto la Pwani au Morogoro, tabaka la juu la udongo huweza kupita nyuzi joto 45, na minyoo haiwezi kuishi katika hali hiyo kwa majuma. Aliye Arusha au Marangu, ambako mawingu ni mengi na hewa ni baridi, atandike plastiki mbili zilizoachana kwa sentimita chache, akitenganisha kwa chupa tupu au fito. Nafasi ile ya hewa huongeza joto.

Ukiwa na mabaki ya kabichi au sukuma wiki, yakatekate na kuyachanganya na udongo kabla ya kufunika. Yanapooza chini ya plastiki hutoa gesi inayowadhuru minyoo na ukungu.

Ukishafunua, ondoa shauku ya kulima tena kwa kina. Joto limesafisha tabaka la juu. Chini bado wamo walio hai, na jembe likizama utawapandisha mwenyewe. Kwaruza juujuu, panda. Kwa mnyauko bakteria usitegemee jua peke yake, maana hujificha kina ambacho joto halifiki.

Asiye na uwezo wa kununua plastiki alime na kuliacha tuta wazi bila jani hata moja, akiligeuza kila baada ya wiki mbili hadi mwishoni mwa Februari. Jua na upepo vitakausha mayai na minyoo wachanga, na kila ukigeuza waite kuku. Kuku wanaokaa nyuma ya jembe hawaachi funza. Njia hii ni dhaifu kuliko plastiki, lakini inafanya kazi ikiwa magugu hayakuruhusiwa kuota, kwa kuwa minyoo fundo huishi vizuri tu kwenye mizizi ya magugu wakati wewe unadhani umeipumzisha ardhi.

Kitalu

Hapa ndipo pesa na uangalifu wako viende kwanza, kuliko hata bustani yenyewe. Minyoo fundo kwa nguvu zake haisafiri mbali. Kwa mwaka mzima haifiki hata mita moja au mbili. Anayeisafirisha ni binadamu, na gari lake kuu ni mche wenye bonge la udongo. Bustani nyingi zilizokuwa safi ziliharibiwa na miche ya kununua. Ukinunua, mwombe muuzaji akuruhusu kuosha mizizi ya mche mmoja mbele yake. Mwenye miche mizuri hatakataa.

Ukiotesha mwenyewe, changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga, kisha upike mchanganyiko huo kwa mvuke. Chukua pipa, panga matofali chini, mimina maji yasifike juu ya matofali, weka wavu au bati lenye matundu juu yake, kisha jaza udongo wenye unyevu kidogo. Katikati ya udongo fukia kiazi mviringo kibichi. Funika, washa moto wa wastani. Kiazi kikiiva, udongo nao umepata joto la kutosha kuua minyoo, kinyausi na mbegu za magugu. Usiendelee kuupika kwa saa nyingi, kwani unaua hata viumbe vyenye faida na kuacha chumvi zitakazounguza mizizi. Uache upoe, ukae wiki moja au mbili kwenye chombo safi kilichofunikwa, ndipo ujaze trei au vikombe.

Weka trei juu ya kichanja, zisiguse ardhi. Mwagilia asubuhi kwa maji safi, yasiyochotwa kwenye mfereji uliopita kwenye mashamba ya wengine. Usisie mbegu zikabanana. Kinyausi hupenda miche iliyosongamana na udongo unaolowa usiku kucha. Ukikiona kimeanza kona moja, ondoa miche ya kona hiyo pamoja na udongo wake, punguza maji na ufungue hewa.

Unaponunua mbegu za nyanya, soma herufi kwenye pakiti. V na F huonyesha ustahimilivu wa minyauko miwili ya ukungu, na N ni ya minyoo fundo. Kwa aliyeona mafundo kwenye mizizi yake, mbegu yenye N inafaa gharama ya ziada. Fahamu tu kwamba kinga hiyo hulegea udongo unapozidi nyuzi joto 28, kwa hiyo Pwani ni lazima utandaze nyasi kavu kuzunguka mashina ili udongo upoe.

Nini kipandwe wapi

Nitasema wazi: kama udongo wako una shida, usiifanye nyanya kuwa zao lako kuu la masika. Mvua ndefu huleta ukungu wa majani, na mmea ambao tayari unapigwa chini ya ardhi hauna nguvu ya kupigana juu. Masika ni msimu wa mboga za majani, na hizo hukupa nafasi ya kuwatega minyoo.

Katika udongo wa joto la nyuzi 25 hadi 28, minyoo fundo huhitaji kama wiki nne tangu kuingia mzizini hadi kizazi kipya. Mchicha wa kung'oa na mboga nyingine za muda mfupi huvunwa kabla ya hapo. Ukisia mchicha kwa wingi, ukaung'oa na mizizi yake ndani ya wiki tatu na siku chache, minyoo waliokwishaingia mizizini hutoka nao bila kutaga. Masharti ni mawili: usikate shina na kuacha mzizi ardhini, na usioshee mboga bustanini. Mizizi iliyokatwa ianike juu ya bati ikauke kabisa, kisha ichome. Rudia mara mbili au tatu masika yote. Sehemu za baridi una siku kadhaa za ziada, kwa sababu minyoo hukua polepole.

Kabichi na sukuma wiki hushambuliwa pia, lakini huvumilia kuliko nyanya, hasa zikiingia na mizizi mingi kutoka kwenye trei na zikipata mboji ya kutosha. Vitunguu saumu na vitunguu majani haviwapi minyoo hawa chakula kizuri. Karoti, bamia, bilinganya, matango na mnavu ziweke kwenye matuta uliyoyafunika plastiki, au uziache mwaka huu.

Penye mnyauko bakteria, jamii yote ya nyanya iondoke kwa misimu mingi: nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo, mnavu. Panda kabichi, mchicha, maharage, mahindi. Anayeshindwa kabisa kuacha nyanya atafute miche iliyobebeshwa juu ya shina la bilinganya stahimilivu. World Vegetable Center, yenye kituo chake Arusha, ni miongoni mwa taasisi zilizosambaza utaalamu huo, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza kwa wanaozalisha miche ya aina hiyo.

Na kwa wa nyanda za juu za Kenya: kabla ya kupanda viazi kwenye bustani ya mboga, fahamu kuwa mwaka 2015 iliripotiwa kwa mara ya kwanza kuwa nchini humo wapo minyoo wa aina nyingine, wa viazi, ambao mayai yao hukaa ardhini kwa miaka mingi ndani ya vifuko vigumu. Usilete kwenye tuta lako mbegu ya viazi ya kuokoteza sokoni.

Kipande kilichoharibika kuliko vyote kisipandwe mboga masika haya. Kipe marejea, ambayo ni ya jamii ya kunde, au badala yake Tagetes, yale maua ya manjano na ya chungwa ya bustanini. Watu wengi wamesikia habari za maua haya wakapanda mashina machache pembeni mwa nyanya, halafu wakasema hayafai. Nguvu yake iko mizizini, na mzizi hufanya kazi pale ulipo tu. Sia yabanane eneo zima, yakae miezi miwili hadi mitatu, palilia magugu yasiwape minyoo maficho, kisha lima na kufukia yanapoanza kuchanua. Marejea yana faida ya pili, kwani hurutubisha ardhi. Peramiho, mkoani Ruvuma, watawa wa Kibenediktini waliyahimiza kwa wakulima kwa miaka mingi.

Wiki ya kupandikiza

Sota humpata mkulima aliyefurahia mvua akasafisha shamba Jumatatu na kupanda Jumatano. Nondo walishataga kwenye magugu, viwavi wapo, umewaondolea chakula chao chote ukabakiza miche yako tu. Ondoa magugu wiki tatu kabla ya kupandikiza, pamoja na ya kingoni, ili waliopo wafe njaa au waliwe na ndege.

Kila mche uvishe kola. Kata ganda kavu la mgomba, karatasi ngumu au chupa ya plastiki iliyotolewa kitako, zungushia shina, ididimize sentimita mbili au tatu ardhini na iache tano juu. Sota hatambai juu ya ukuta huo mara nyingi, na hawezi kuukata. Kazi inaonekana nyingi kwa miche mia, lakini ni ya mara moja, nayo inamaliza tatizo kwa wiki tatu za mwanzo. Baada ya hapo shina hukomaa, akashindwa kulikata.

Ukikuta mche umekatwa, aliyeukata hajafika mbali. Fukua kwa kijiti kuzunguka shina, kina cha sentimita mbili hadi tano, upana wa kiganja. Utamkuta amejikunja, rangi ya kijivu cha udongo, laini, amelala. Usipomtoa leo, usiku atahamia mche wa pili. Jioni unaweza pia kuweka vichungu vya pumba iliyoloweshwa kwa molasi chini ya vipande vya jani la mgomba, na alfajiri ufunue uwakusanye: sota, nyenje na konokono hukutana hapo.

Jivu lililozungushiwa mche huwasumbua konokono likiwa kavu. Katika masika halidumu hata usiku mmoja, kwa hiyo usijenge ulinzi wako juu yake. Mchwa hawana nguvu sana wakati wa mvua. Jizuie tu kufukia mabua makavu na samadi kavu kwenye mashimo ya kupandia. Samadi mbichi ndiyo mbaya zaidi, maana mbawakawa huifuata na kutaga humo. Irundike, ipate moto, igeuze mara kadhaa, iive hadi isiwe na harufu wala umbo la kinyesi. Ukiichekecha utawaona funza, na huo ni wakati mwingine wa kuwaita kuku. Nusu debe ya mboji iliyoiva kwa kila mita mraba inatosha. Anayepata mashudu ya mwarobaini achanganye gramu 100 hadi 200 kwa eneo hilo hilo siku kadhaa kabla ya kupanda.

Kuhusu sumu

Kwa mboga za kulisha familia, punje za sumu kali zinazomwagwa ardhini sizipendekezi. Carbofuran, mfano mmoja unaojulikana sana, ni sumu kali ya neva. Huingia ndani ya mmea na kuua ndege wanaookota punje zake. Mboga ya majani unaichuma kila wiki na kuila, haina muda wa kusubiri sumu iishe. Gesi ya methyl bromide, iliyotegemewa zamani kusafishia udongo, iliondolewa chini ya Itifaki ya Montreal, na kwa nchi zinazoendelea mwisho ulikuwa 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Mafuta ya taa, chumvi na oili chafu havina nafasi bustanini. Vitaharibu udongo kabla ya kumaliza wadudu.

Ukilazimika kutumia kiuatilifu, anza na vya kibiolojia, vyenye ukungu rafiki kama Trichoderma kwa kinyausi au Metarhizium kwa baadhi ya wadudu. Hakikisha kopo lina usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, zao lako limeandikwa kwenye lebo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimetajwa. Dawa iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni bila lebo usiinunue hata kwa nusu bei.

Ikiwa ardhi imeshindikana kabisa, au ni ya kupanga na huna muda wa kuitibu, panda kwenye magunia. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia mchanganyiko wa udongo uliopikwa na mboji, vuta kopo juu kadiri unavyojaza hadi ubaki mhimili wa kokoto wa kupitishia maji. Toboa ubavuni, chomeka sukuma wiki, vitunguu majani juu. Liweke gunia juu ya mawe au matofali. Likikaa moja kwa moja kwenye udongo mbovu, mizizi itatoboa chini na minyoo wataingia.

Mvua ikianza

Chimba mfereji wa kinga upande wa juu wa bustani kabla maji ya jirani hayajashuka na udongo wake. Anza kazi kila siku kwenye matuta safi, umalizie kwenye mabovu, kisha osha jembe, reki na viatu kabla ya kuviweka. Jirani akiazima jembe lako, likirudi lioshwe.

Weka daftari lenye ramani ya matuta, uyape namba, na uandike kila tuta lilipandwa nini na lilionekana kuwa na nini. Mwezi Juni, mavuno yakiisha, usiache mashina yaoze yakiwa yamesimama. Chimba yote na mizizi yake wiki ile ile, osha michache kutoka kila tuta, andika ulichokiona, na uchome yenye mafundo. Tuta lililopungua mafundo linaweza kupokea nyanya za kumwagilia kipindi cha kipupwe, kwa mbegu yenye N. Lililobaki vilevile liendelee na vitunguu, na plastiki iwekwe tayari kwa Januari.